Viungo vya Chombo

Hapana chombo kilicho kitu kimoja. Jahazi, nyumba, kitanda, mlango na saa ni mikusanyo ya vipande, na vipande hivyo vingekuwa rundo tu kama visingalishikwa pamoja na vitu vidogo ambavyo jicho huvipita bila ya kutua: msumari, parafujo, bolti, kabari, gundi na kamba. Watu husifu mbao za jahazi, mlingoti wake na tanga lake. Aghalabu hapana asifuye msumari. Bahari haina mazoea hayo. Huuacha ubao ulio mzima na mlingoti ulio imara, ikatafuta kiungo kilicho dhaifu, ikaingia hapo. Wahenga walikwisha kusema kwamba kamba hukatikia pabovu, na usemi huo ni kanuni ya ufundi kama ulivyo kanuni ya maisha.

Wasomaji wa Alfu Lela u Lela watakumbuka kisa cha chombo kilichosogezwa na upepo hata karibu na mlima wa sumaku. Misumari yake yote ilichomoka ikaruka kuuendea mlima, na mbao zikatawanyika juu ya maji. Kisa ni cha kubuni, lakini kina ukweli ndani yake. Mbao zilikuwa nzima, tanga lilikuwa zima, na nahodha alikuwa na akili zake zote. Kilichopotea ni misumari tu, na chombo kikapotea pamoja nayo.

Nia yangu katika insha hii ni kuzungumza habari za viungo hivi vidogo. Nitaanzia pwani ya Bagamoyo, nilikozaliwa, na nitafika mahali ambapo pengine msomaji hatazamii kukuta kazi inayofanana na ya fundi wa majahazi, yaani katika sayari ya Mirihi.

Pwani yetu ilijulikana kwa viungo vyake kabla ya kujulikana kwa kitu kingine. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mwandishi mmoja wa Kiyunani ambaye jina lake halikuhifadhiwa alitunga kitabu cha kuongoza wafanya biashara katika bahari hizi, kiitwacho Periplus. Humo alitaja bandari ya Rhapta, akaeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwako huko, kwa kuwa kwa lugha yake neno hilo lina maana ya kushona. Wataalamu wameitafuta Rhapta tangu Pangani hata delta ya Rufiji, na hawajakubaliana mahali pake. Mji umepotea, lakini mshono wake umebaki katika jina.

Ufundi huo wa kushona uliishi muda mrefu sana. Katika visiwa vya Lamu uliishi katika mtepe, chombo chenye tanga la mkeka, ambacho mbao zake zilishikwa kwa vigingi vya mti na kamba za usumba wa nazi bila ya msumari hata mmoja. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza katika safari zake faida ya kamba hizo. Alisema kwamba bahari hii ina miamba mingi. Chombo cha misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa kwa kamba hulegea kidogo, kikanusurika. Hayo ni maneno ya mtu aliyetazama kwa makini. Mshono hukubali kupindika. Msumari hukataa hata uvunjike.

Lakini sitaki kuusifu mtepe kupita kiasi, maana sifa isiyo na kipimo ni aina ya uongo. Mtepe ulivuja. Mabaharia wake walifua maji ya ngama mchana na usiku, na mshono ulitaka kurudiwa mara kwa mara. Majahazi ya misumari yalipozidi kuenea, mtepe ulizidi kupungua, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ulitoweka katika biashara. Nilipata kuuona mfano wake Unguja katika jumba la Beit al-Ajaib, kabla ya sehemu ya jumba hilo kuanguka tarehe 25 Desemba 2020. Nilisimama nikatazama mishono yake kwa muda mrefu. Kila tundu lilikuwa na kamba yake, na kila kamba ilikuwa na kigingi cha kuikaza. Niliwaza kwamba aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka.

Mjomba wangu naye hana haraka. Yeye ni fundi wa vyombo vya misumari, na karakana yake haina ukuta wala bati. Ni kivuli cha mti ufuoni Bagamoyo, mahali ambapo maji ya bamvua yakijaa husimama hatua chache kutoka kwenye mkuku wa chombo kinachoundwa. Utotoni kazi yangu ilikuwa kumwokotea vipande vya mbao, kumshikia kamba ya keekee na kusokota pamba. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kupigilia msumari mmoja ni kazi ya hatua tano.

Kwanza hutobolewa tundu kwa keekee, jembamba kuliko msumari kwa kiasi kidogo, ili ubao usipasuke na msumari usilegee. Pili husokotwa pamba iliyochovywa katika mafuta, ikazungushwa chini ya kichwa cha msumari kama kilemba. Tatu msumari hupigwa taratibu upite katika ubao na katika taruma. Nne ncha inayotokeza upande wa ndani hukunjwa ikarudi katika mti, isipate njia ya kutoka. Tano kichwa huzamishwa na kufunikwa. Baadaye huja kalafati, yaani pamba kushindiliwa katika kila mwanya wa mbao, na mwisho deheni ya chokaa na shahamu kupakwa tumbo la chombo ili kuwazuia wadudu wa baharini watoboao mbao.

Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, kwa nini utaabike hivi kwa msumari mmoja, na chombo kina misumari mamia?"

Akanijibu bila ya kuacha kazi yake, "Mwanangu, maji hayahitaji yote. Yanataka mmoja."

Asiyeijua pwani hii huenda akadhani kwamba chombo hupata taabu kikiwa safarini tu. Sivyo. Ufuo wa Bagamoyo ni mpana na mlalo wake ni mdogo, na maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Chombo kilichotia nanga asubuhi hukaa juu ya mchanga adhuhuri, kimeegemea ubavu mmoja na shehena yake ndani. Kisha maji hurudi, yakakiinua, yakakipindua upande wa pili. Kwa hiyo hata siku isiyo na upepo viungo vyote huvutwa na kusukumwa, na mti hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea. Msumari hukaa katikati ya mabishano hayo, na chumvi huula polepole.

Ndiyo sababu mjomba hanunui misumari kwa kutazama mng'ao wake. Hununua kwanza michache, akaitia katika kopo la maji ya bahari, akaiacha siku kadha wa kadha. Msumari uliopakwa zinki barabara hukaa bila ya kubadilika sana. Ule uliopakwa juu juu ili upendeze dukani hutoa machozi mekundu. Muuza duka mmoja alipata kumcheka kwa desturi hiyo. Mjomba alimwachia kopo lake, akaenda zake.

Jambo hili si mchezo kwetu. Ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinunua mashua kwa fundi mwingine, ambaye simtaji hapa, kwa bei iliyomfurahisha kila aliyeisikia. Mashua ilikuwa nzuri kwa macho. Rangi yake ya buluu na nyeupe ilionekana tangu mbali. Katika msimu wa pili wa kusi, alfajiri moja, wakiwa watu wanne kaskazini ya Mlingotini, ubao wa chini karibu na mkuku uliachana na mataruma. Haukuvunjika, uliachana. Maji yaliingia kwa kishindo hata hapakuwa na nafasi ya kuyafua. Watatu waliokolewa na ngalawa iliyokuwa ikirudi kutoka uvuvini. Wa nne alikuwa baba wa watoto wawili, na bahari haikumrudisha.

Mashua yenyewe ilisukumwa na mawimbi hata ufuoni, imejaa maji nusu. Mjomba alikwenda kuitazama. Aliung'oa ubao uliobaki, akaitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga juu ya kipande cha mkeka. Vichwa vyao vilikuwa vizima, vimefunikwa na rangi. Chini ya vichwa, mahali palipokuwa ndani ya mti, chuma kilikuwa kimeliwa hata kikawa chembamba mfano wa sindano. Pamba haikuwako. Matundu yalikuwa mapana, kwa kuwa tundu pana hurahisisha kazi. Watu walikusanyika wakatazama, na hapana aliyesema neno. Tangu siku ile nimekuwa mwepesi wa kushuku kila kitu ambacho uzuri wake wote uko nje.

Sasa niivuke bahari nyingine. Tarehe 6 Agosti 2012, kwa saa za kwetu, gari la shirika la anga la Marekani, NASA, liitwalo Curiosity, lilitua katika Mirihi ndani ya bonde la Gale. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, na picha zake zilitufikia siku ile ile. Gari hilo halina dereva. Uzito wake hapa duniani ulikuwa kilo 899, na liliteremshwa kutoka kwenye mtambo uliokuwa ukielea juu yake kwa kamba tatu za nailoni, ambazo zilikatwa mara magurudumu yalipogusa ardhi. Msomaji na azingatie jambo hilo. Katika safari iliyotumia hesabu zote za wanadamu, hatua ya mwisho ilitegemea kamba.

Wiki chache baadaye gari lilijipiga picha kwa kamera iliyo katika mkono wake, ili wenyewe walikague. Watu wenye kupenda mafundo waligundua humo kitu ambacho wengine walikipita. Nyaya za umeme zilizolala juu ya mwili wa gari hazikufungwa kwa vibano vya plastiki kama zile za magari yetu. Zilifungwa kwa uzi. Uzi umezungushwa mara mbili ukajibana chini yake wenyewe, kisha ncha zake mbili zimefungwa juu yake kwa fundo la kulia na kushoto. Hivyo ndivyo agizo la NASA la ufungaji wa nyaya linavyotaka. Sababu zake ni za kiufundi: uzi ni mwepesi, hulala bapa, hauna pembe ya kukata ngozi ya waya, na ukifungwa vizuri haulegei kwa mtikisiko.

Likizo ilipofika nilimpelekea mjomba picha hiyo. Aliishika mbali na macho kama afanyavyo mtu wa umri wake, akaitazama kitambo. Kisha alichukua kipande cha uzi wa nyavu, akakifunga katika mpini wa tezo fundo lile lile, bila ya kuitazama picha mara ya pili. Fundo la kwanza ndilo tufungalo kamba ya ngalawa katika mti. La pili kila mvuvi hulijua kabla ya kuota meno ya pili. "Hii ni wapi?" aliniuliza. Nikamwambia ni Mirihi, ile nyota nyekundu. Hakushangaa kama nilivyotazamia. Alitazama tena, akasema, "Huyu amefunga kama mtu ambaye hatarudi kukaza."

Nimesoma mengi juu ya magari ya sayari tangu wakati ule, na sijapata maelezo ya ubora wa kazi yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo. Gari la Mirihi limefungwa na watu ambao hawatarudi kukaza. Mchana wa bonde la Gale huweza kuwa na joto lipitalo sifuri, na usiku ule ule baridi ikashuka hata kiasi cha digrii 90 chini ya sifuri. Kila siku chuma hutanuka na kunywea, kama mbao zetu zinavyovimba na kukauka kwa maji kupwa na kujaa. Bolti iliyokazwa ovyo italegea; iliyokazwa kupita kiasi itakatika. Kwa hiyo katika kazi hizo bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, nguvu iliyotumika huandikwa, na huwekwa kizuizi cha kuizuia isijifungue. Hiyo ndiyo ncha ya msumari iliyokunjwa, kwa jina jingine na kwa mahali pengine.

Hata hivyo uangalifu haumfanyi mtu kuwa mjuzi wa yote. Magurudumu sita ya Curiosity yalichongwa kila moja kutoka katika kipande kimoja cha alumini. Kipenyo chake ni sentimita 50, na bati lake katikati ya matuta lina unene wa milimita 0.75 tu, kwa kuwa kila gramu ilihesabiwa. Mwaka 2013 matobo yalionekana, makubwa kuliko ilivyotazamiwa, yaliyofanywa na mawe makali yaliyoshikwa imara katika mwamba. Mirihi ilikuwa na silaha ambayo mafundi hawakuipima sawasawa.

Walifanya nini? Waliyapiga matobo picha, wakaonyesha picha hizo kwa watu wote, wakajaribu magurudumu ya namna ile ile juu ya mawe hapa duniani, wakabadili njia ya gari na namna ya kuliendesha. Mwaka 2024 gari lilikuwa bado likitembea. Na gari la pili, Perseverance, lililotua tarehe 18 Februari 2021, lilipewa magurudumu yenye bati nene zaidi na matuta maradufu. Nawalinganisha watu hao na yule aliyefunika vichwa vya misumari kwa rangi ya buluu. Wote wawili walikuwa na kasoro katika kazi yao. Mmoja aliificha, wengine waliihesabu hadharani. Na baina ya mambo hayo mawili kuna uhai wa mtu.

Wala tusidhani kwamba vyombo vya angani hukataa msaada wa vitu duni. Mwezi wa Desemba 1972, katika safari ya Apollo 17, Eugene Cernan alikwaruza kwa nyundo bamba la juu ya gurudumu la gari lao la mwezini, kipande kikavunjika. Vumbi la mwezi likawamwagikia. Vumbi hilo ni kali, hula vitambaa na mitambo, tena hufyonza joto la jua. Walijaribu kukirudisha kipande kwa utepe wa gundi, lakini utepe haukushika vizuri juu ya vumbi, ukabanduka. Wenzao waliokuwa duniani walikesha wakitafuta shauri, na asubuhi yake Cernan na Harrison Schmitt waliunganisha ramani nne kwa utepe, wakazibana mahali pa bamba kwa vibano vya taa. Kazi ikaendelea. Baharia yeyote wa pwani hii aliyepata kuziba ufa kwa kanga na kipande cha ubao angaliwaelewa bila ya mkalimani.

Nimeyaleta mambo haya pamoja kwa sababu yananigusa. Vyombo viundwavyo ufuoni Bagamoyo si vingi kama utotoni mwangu. Boti za faibaglasi huja zikiwa tayari, mbao nzuri ni ghali, na vijana humwona fundi wa tezo kuwa mabaki ya zamani. Mpwa wangu mmoja anasoma uhandisi, naye aliniambia kwa adabu kwamba kazi ya babu yake ni urithi mzuri, mahali pake ni jumba la makumbusho. Sikubishana naye juu ya majahazi. Huenda yakaja kutoweka kama mtepe ulivyotoweka, na biashara ina haki ya kuchagua vyombo vyake. Nilibishana naye juu ya elimu. Nilimwambia kwamba darasani atafundishwa jinsi ya kupima nguvu ya bolti, na hilo ni jema. Lakini kupima peke yake hakumfundishi mtu kuogopa msumari mmoja. Hofu hiyo, ambayo ni mama wa ufundi, hupatikana mahali ambapo mtengenezaji na atakayezama wanajuana kwa majina.

Nilimshauri akae na babu yake msimu mmoja, achukue daftari, aandike. Maneno yenyewe ni hazina: mkuku, taruma, fashini, keekee, kalafati, deheni. Kila neno limebeba kazi, na kazi imebeba sababu, na sababu hizo zililipiwa kwa watu waliopotea baharini. Neno likifa, sababu yake huzikwa nalo, na kizazi kijacho hulazimika kuinunua upya kwa bei ile ile. Wanafunzi wa lugha wanayo kazi hapa, na wanafunzi wa uhandisi wanayo. Ingefaa waifanye pamoja.

Mpwa wangu alikwenda. Sijui kama atakuwa fundi wa majahazi, wala sikumtaka awe. Mwezi uliopita mjomba alinieleza kwamba kijana alitoboa matundu ya ubao mzima, akapigilia misumari yake, kisha akaung'oa mmoja kwa hiari yake, kwa kuwa aliona pamba imekaa upande. Hapana aliyemwamuru. Ubao ule ungalipakwa rangi, na msumari ule usingalionekana na mtu yeyote.